Maswali ya Wasomaji: Tatyana McFadden, kiti mwendo na uwanja wa shule

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya Tatyana McFadden, mwanariadha wa Marekani anayeshindana kwa kiti mwendo, pamoja na maelezo mafupi yaliyosema kwamba ndiye mtu wa kwanza kushinda marathoni za Boston, London, Chicago na New York katika mwaka mmoja. Barua zilizotufikia baada ya hapo, nyingi zikiwa zimetoka Mwanza, Ukerewe na Musoma, zinauliza mambo ambayo mistari michache haiwezi kuyabeba. Nimechagua sita. Barua ya mwalimu wa Ukerewe nimeijibu kwa urefu zaidi, kwa sababu ninaamini kwamba jambo alilolipigania Tatyana akiwa mwanafunzi wa sekondari ni kubwa kuliko medali zake zote.

Ndugu Mhariri, nina binti wa miaka mitatu aliyezaliwa na mgongo wazi. Alifanyiwa upasuaji, lakini miguu yake haina nguvu, na baadhi ya majirani bado wanasema amerogwa. Mliandika kwamba Tatyana naye alizaliwa na hali hiyo hiyo. Naomba kujua alilelewaje mpaka akafika pale. – Mama, Buhongwa, Mwanza

Mama yetu, nianze na majirani, maana maneno yao huchosha kuliko kazi yenyewe ya kulea. Mgongo wazi hutokea ndani ya siku 28 za mwanzo za mimba, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua hata kwamba ni wajawazito, pale mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo unaposhindwa kujifunga. Upungufu wa foliki asidi mwilini mwa mama ni mojawapo ya sababu zinazojulikana. Ndiyo maana wanawake hushauriwa kuanza kumeza vidonge vya foliki kabla ya kushika mimba, na wewe uliyekwisha kujifungua mtoto mwenye hali hii unapaswa kumwona daktari kabla ya kufikiria mimba nyingine, ili akupangie dozi iliyo kubwa kuliko ile ya kawaida. Uchawi haumo katika habari hii.

Tatyana alizaliwa tarehe 21 Aprili 1989 katika mji wa Leningrad, ambao sasa unaitwa St. Petersburg, nchini Urusi. Upasuaji wa kuufunga mgongo, ambao madaktari hupenda ufanyike ndani ya siku mbili au tatu za mwanzo za uhai, yeye alifanyiwa baada ya takribani wiki tatu, na kuwa hai kwake baada ya kukaa na kidonda wazi muda wote huo ni jambo la kushangaza. Miguu ilibaki imepooza. Mama yake mzazi hakuwa na uwezo wa kumtunza, akamwacha katika kituo cha watoto yatima, nacho kituo hakikuwa na kiti mwendo cha kumpa. Mtoto akajifunza kutembea kwa mikono: aliinua kiwiliwili chake kwa viganja na kuwafuata wenzake hivyo hivyo, sakafuni, kwa miaka sita ya mwanzo ya maisha yake.

Deborah McFadden, aliyekitembelea kituo hicho, alikuwa afisa wa serikali ya Marekani aliyeshughulikia masuala ya watu wenye ulemavu. Naomba msomaji asilipite haraka jambo moja kumhusu: yeye mwenyewe aliugua akiwa kijana na kuishi miaka kadhaa akitegemea kiti mwendo na magongo. Kwa hiyo alipomtazama yule mtoto anayetembea kwa mikono, aliona mtu aliyekosa kifaa. Alimwasili rasmi, akampeleka nyumbani kwake katika jimbo la Maryland, na huko madaktari wakamkuta mtoto dhaifu, mwenye upungufu wa damu, ambaye hawakutarajia aishi muda mrefu. Deborah alimwandikisha katika klabu ya watoto wenye ulemavu mjini Baltimore ili mwili upate nguvu. Akaogelea, akacheza mpira wa kikapu, akafanya sarakasi, na hatimaye akakaa katika kiti cha mbio. Michezo ilianza kama tiba, na hakuna mtu pale nyumbani aliyekuwa akiwaza medali.

Kuhusu binti yako, umri wa miaka mitatu ndio umri ambao wenzake wanazunguka huku na huko wakigusa kila kitu na kujifunza kwa kugusa, na mtoto anayebebwa mgongoni muda wote hukosa masomo hayo. Wapo wazazi wanaoahirisha kiti mwendo kwa hofu kwamba mtoto akikizoea hatajitahidi kutembea. Hofu hiyo haina msingi, kwa sababu mtoto anayejiendesha mwenyewe mapema hupata nguvu za mikono na ujasiri ambavyo vitamsaidia hata katika mazoezi ya kusimama. Mwombe daktari wake, iwe ni Bugando au hospitali iliyo karibu nawe, afuatilie kibofu na figo, maana kibofu kisichomwagika vizuri huharibu figo bila mtoto kulalamika. Kila jioni mkague ngozi ya makalio na miguu, kwa kuwa pale ambapo hahisi maumivu hataweza kukuambia kwamba kidonda kimeanza.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Tatyana ana medali ngapi kwa jumla, na ni ushindi upi ambao Mhariri anauona kuwa mkubwa kuliko mingine? – Mwanafunzi, Nyegezi, Mwanza

Hadi kufikia michezo ya Paris ya mwaka 2024 alikuwa na medali 22 za Paralimpiki, yaani michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu: 8 za dhahabu, 9 za fedha na 5 za shaba. Alianza Athens mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 15 tu, akapata fedha katika mita 100 na shaba katika mita 200. Dhahabu za kwanza zilikuja London mwaka 2012, katika mita 400, 800 na 1,500, na huko huko alikuwa katika fainali moja ya mita 100 na mdogo wake Hannah, ambaye Deborah alimwasili kutoka Albania na ambaye naye ni mwanariadha wa kiti mwendo. Rio mwaka 2016 aliongeza dhahabu nne pamoja na fedha mbili, mojawapo ya marathoni, ambayo aliikosa dhahabu yake mbele ya Zou Lihong wa China huku saa ikiwaonyesha wote wawili muda uleule. Medali moja miongoni mwa hizo 22 ni ya michezo ya majira ya baridi: mwaka 2014 alirudi katika nchi aliyozaliwa, kwenye mji wa Sochi, akashindana kuteleza juu ya theluji akiwa ameketi, na akapata fedha huku mama yake mzazi na mama aliyemlea wakiwa wote wamekuja kumtazama.

Ukiniuliza mimi, nitataja mwaka 2013 mzima. Tarehe 15 Aprili alishinda Boston, siku ile ile ambayo mabomu yalilipuka karibu na mstari wa kumalizia saa kadhaa baada ya yeye kumaliza. Siku sita baadaye, siku aliyotimiza miaka 24, alishinda London. Katikati ya mwaka alikwenda Lyon, Ufaransa, kwenye mashindano ya dunia, akachukua dhahabu sita, kuanzia mita 100 hadi mita 5,000. Kisha akashinda Chicago na New York, na mwaka uliofuata akazishinda tena zote nne, na kuendelea hivyo mpaka mwaka 2016.

Sisi wa kanda hii tunamkumbuka kwa fahari Suleiman Nyambui, mwana wa Majita, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980 na baadaye akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988. Kutoka mita 5,000 hadi kilomita 42 na mita 195 ni upana ambao wanariadha wachache sana wameuweza. Sasa fikiria mtu ambaye katika mwaka mmoja anakuwa bingwa wa dunia wa mita 100 na pia bingwa wa marathoni nne kubwa.

Mwangaluka, Mhariri. Ninafundisha shule ya msingi huku Ukerewe. Nina mwanafunzi wa darasa la tano anayetumia kiti mwendo, na kila tunapofanya mchujo wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, yeye hukaa chini ya mwembe akilinda nguo za wenzake. Ningependa kumwingiza, lakini walimu wenzangu wanasema ni hatari, na tena si haki kwa wanaokimbia kwa miguu. Tatyana alishindanaje shuleni? – Mwalimu, Ukerewe

Mwalimu, hoja hizo mbili za wenzako, hatari na haki, ndizo zilizotolewa dhidi ya Tatyana, na zilijibiwa mahakamani.

Aliporudi kutoka Athens mwaka 2004 akiwa na medali mbili shingoni, alijiunga na shule ya sekondari ya Atholton huko Maryland, akaomba kuwa katika timu ya riadha kama mwanafunzi mwingine yeyote. Alikubaliwa nusu nusu. Siku za mashindano wakimbiaji wote walisimamishwa kando, uwanja ukaachwa mtupu, naye akaambiwa azunguke peke yake huku watu wakimtazama. Wewe ni mwalimu, na unajua vizuri jinsi mtoto wa miaka 15 au 16 anavyojisikia anapotengwa mbele ya shule nzima kwa jina la kuhudumiwa. Mashindano ni kuwa na mtu pembeni yako anayekusukuma uongeze mwendo, na hilo ndilo alilonyimwa. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba katika kipindi hicho wapo waliomzomea.

Mwaka 2005 Tatyana na mama yake walifungua kesi dhidi ya mamlaka ya shule za wilaya yao. Hawakudai fidia hata senti moja. Walichotaka ni yeye kuruhusiwa kuwa uwanjani wakati mmoja na wenzake. Mwaka 2006 Jaji Andre Davis wa mahakama ya shirikisho alitoa amri iliyomruhusu kushindana sambamba na wakimbiaji wengine. Shauri hilo halikuishia kwake. Mwaka 2008 jimbo la Maryland lilitunga sheria inayozitaka shule zake zote kuwapa wanafunzi wenye ulemavu nafasi katika masomo ya mazoezi ya viungo na katika michezo ya mashindano, na mwaka 2013 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa mwongozo wenye mwelekeo huo kwa shule za nchi nzima. Wakati sheria ya Maryland inapitishwa, Tatyana alikuwa anakaribia kumaliza sekondari, kwa hiyo wengi walionufaika nayo ni watoto ambao hakuwajua na ambao pengine hawatapata medali yoyote maishani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ukubwa wake ulipo.

Huku kwetu huhitaji kwenda mahakamani ili kuanza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema waziwazi katika Ibara ya 30 kwamba watoto wenye ulemavu wana haki sawa na wenzao ya kushiriki michezo, ikiwemo ile ya shuleni. Mwaka 2010 Bunge letu lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Wenzako wakiuliza unafanya hivyo kwa ruhusa ya nani, una cha kuwaonyesha.

Kuhusu haki kwa wakimbiaji, wenzako wana hoja ndogo ndani ya wasiwasi wao, nayo ina suluhisho. Ni kweli kwamba katika mbio ndefu kiti cha mashindano kina kasi kuliko miguu: Marcel Hug wa Uswisi alimaliza marathoni ya Oita, Japani, mwaka 2021 kwa saa 1, dakika 17 na sekunde 47, wakati mkimbiaji bora wa miguu huhitaji takribani saa mbili. Katika mita 100 hali hugeuka, kwa sababu kiti huchukua muda kushika kasi, na hata Tatyana hutumia zaidi ya sekunde 15 katika mbio ambayo wanawake bora wa miguu huimaliza kwa chini ya 11. Kwa hiyo hakuna haja ya kumpanga mwanafunzi wako katika orodha moja na wakimbiaji. Waanze pamoja, wakimbie pamoja, lakini muda wake uandikwe katika orodha yake, na ushindi wake upimwe kwa muda wake wa wiki iliyopita mpaka atakapopatikana mwenzake wa shule jirani. Tafadhali mtafute mwenzake huyo. Katika kisiwa chenye shule nyingi kama chenu hawezi kuwa mmoja tu.

Kuhusu hatari, mpe njia ya nje kabisa ili asikatizwe na wenzake kwenye kona, na uache njia moja tupu kati yake na wao. Ardhi ya kichanga huzamisha magurudumu madogo ya mbele, kwa hiyo chagua sehemu iliyoshindiliwa, uifagie mawe, umwagie maji jioni iliyotangulia ikiwa ni kiangazi. Kiti kinachotumika darasani kinaweza kupinduka kwa nyuma mtoto anapokisukuma kwa nguvu, hivyo mwalimu akimbie nyuma yake katika mazoezi ya mwanzo, na mtoto afungwe mkanda kiunoni. Mbio za kupokezana nazo zinafaa sana: katika Paralimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Tatyana alishinda dhahabu katika timu ya wanaume wawili na wanawake wawili wenye ulemavu wa aina mbalimbali, ambamo anayemaliza humgusa mwenzake badala ya kumkabidhi kijiti. Timu ya namna hiyo, yenye watoto watatu wa miguu na mmoja wa kiti, unaweza kuiunda wiki hii hii. Nguo zilindwe na mwalimu wa zamu.

Mnatuandikia habari za mtu aliyechukuliwa na kupelekwa Marekani. Angebaki katika kituo cha yatima, au angezaliwa huku kwetu, asingefika popote. Habari hii inatusaidia nini? – Msomaji, Musoma

Sehemu ya kwanza ya maneno yako ni kweli, na Tatyana mwenyewe hajawahi kuificha. Mtoto yule yule, mwenye mabega yale yale, angebaki bila kiti na bila matibabu, pengine asingefika hata utu uzima. Ila hilo ndilo linalonifanya niandike. Kama mafanikio yake yangetokana na kipaji tu, tusingekuwa na la kufanya isipokuwa kusubiri kipaji kingine kizaliwe. Yametokana na upasuaji, kiti kinachomtosha, klabu ya watoto na uwanja wa shule uliofunguliwa kwa amri ya jaji, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho mali ya Marekani peke yake.

Usisahau pia walioanzia karibu nasi. Anne Wafula Strike alizaliwa magharibi mwa Kenya, akapata polio akiwa na umri wa miaka miwili hivi, na familia yake ikasumbuliwa na maneno yale yale ya laana ambayo mama wa Buhongwa anayasikia leo. Alisoma hadi Chuo Kikuu cha Moi, akawa mwalimu, akahamia Uingereza, na huko akaanza mbio za kiti mwendo akiwa tayari amevuka miaka 30. Mwaka 2004, Athens, kwenye michezo ile ile ambayo Tatyana alianza, aliiwakilisha Kenya, akiwa wa kwanza kutoka Afrika Mashariki kushindana katika mbio hizo. Kusini mwa bara letu yuko Ernst van Dyk wa Afrika Kusini, aliyeshinda Boston mara 10 kati ya mwaka 2001 na 2014.

Jambo linaloniumiza ni kwamba katika miji yetu ya ziwa bado tunajenga ofisi za umma zenye ngazi tupu, na nyumba zetu za Igogo na Mabatini zimepanda juu ya miamba kwa vijia ambavyo mtu wa kiti mwendo hawezi kuvishuka bila kubebwa. Kipaji kilichofungiwa juu ya mlima hakitatokea uwanjani.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza mageti, na viti mwendo vilivyovunjika huletwa kwangu. Kiti cha mbio kina tofauti gani, na je, ninaweza kukiunda? – Fundi, Mabatini, Mwanza

Fundi, unaweza kuunda cha mazoezi, na nitakueleza pale ambapo kazi ni ngumu.

Kiti cha mbio kina magurudumu matatu: mawili makubwa nyuma na moja dogo mbele, lililo mwisho wa bomba refu. Kanuni za kimataifa zinataka gurudumu la nyuma likiwa na upepo lisizidi kipenyo cha sentimita 70, na la mbele lisizidi sentimita 50. Ringi ya baiskeli ya namba 28 ikishavaa tairi hufikia kipimo hicho au kukipita kidogo, kwa hiyo ya namba 26 ni salama zaidi. Magurudumu ya nyuma huinamishwa, juu yakikaribiana na chini yakitanuka, ili kiti kisipinduke kwenye kona na mikono isikwaruzwe na tairi. Hairuhusiwi kuweka mnyororo, gia wala wenzo wa kusukumia. Nguvu yote hutoka mkononi na kwenda kwenye pete ndogo iliyofungwa ubavuni mwa gurudumu, iliyovishwa mpira, ambayo mwanariadha huipiga kwa ngumi yenye glovu ngumu kuanzia juu na kuifuata mpaka karibu na chini. Mbele huwekwa breki na usukani mdogo, na kwa mbio za uwanjani kuna wenzo ambao mwanariadha huupiga kwa kiganja anapoingia kwenye kona ili gurudumu la mbele ligeuke kwa kipimo kilichopangwa, kisha huupiga tena linyooke anapotoka.

Ugumu uko kwenye ekseli. Gurudumu la baiskeli hushikwa pande mbili, lakini la kiti mwendo hushikwa upande wa ndani tu. Ukichukua kitovu cha baiskeli kama kilivyo, ekseli itapinda, na ikikatika katika mwendo mtu ataumia vibaya. Tafuta ekseli nene zaidi na beringi zinazoendana nayo, na ikiwa unaweza kupata viungo kutoka viti mwendo chakavu, tumia hivyo. Kitu cha pili ni upimaji. Viti vya kisasa huundwa kwa alumini au nyuzi za kaboni na huwa na uzito wa takribani kilo 8 hadi 10. Bomba lako la chuma litazidi hapo, nalo si kosa kubwa kwa mazoezi, lakini kiti kilichopwaya kiunoni ni kosa, kwa sababu mwili ukiyumba ndani ya kiti nguvu hupotea kabla ya kufika kwenye pete. Mpime mtu mwenyewe: upana wa nyonga, urefu wa mapaja, na mahali ambapo ngumi zake hufikia akiwa ameinama. Usikate bomba kabla hajakaa mbele yako.

Nina miaka 24. Miguu yangu ilipooza kwa polio nikiwa mdogo. Nabeba magunia ya dagaa pale Mwaloni kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha pedali kwa mikono, na marafiki wananiambia nina mikono ya bingwa. Je, nimechelewa, na nianzie wapi? – Kijana, Kirumba, Mwanza

Ndugu yangu, hujachelewa. Mbio hizi hutegemea mabega na mapafu ambayo hukomaa polepole: Anne Wafula Strike alianza akiwa na umri mkubwa kuliko wako, na Tatyana alikuwa na miaka 35 alipopata fedha ya mita 100 mjini Paris.

Ujue, hata hivyo, kwamba baiskeli yako na kiti cha mbio ni michezo miwili tofauti. Kuzungusha pedali kwa mikono kunaingia katika mbio za baiskeli za watu wenye ulemavu, ambako mnyororo na gia vinaruhusiwa, wakati katika riadha, kama nilivyomweleza fundi, ni mkono na pete tu. Mtu mmoja anaweza kufanya yote mawili. Van Dyk niliyemtaja alishinda pia dhahabu ya baiskeli ya mikono katika Paralimpiki ya Beijing mwaka 2008. Kwa kuwa baiskeli unayo tayari, anza nayo. Chagua kipande cha barabara kisicho na magari mengi alfajiri, pima umbali, na uandike muda wako kila mara. Wakati huo huo mwone Afisa Michezo wa Jiji, umweleze kwamba unataka kushiriki riadha ya watu wenye ulemavu, na ukiweza nenda na wenzako wawili au watatu, maana mtu mmoja huambiwa asubiri na kikundi husikilizwa.

Ukifika kwenye mashindano rasmi utapimwa na kupangiwa daraja. Kwa wanaokimbia kwa kiti kutokana na kupooza au kukatwa miguu, madaraja huanzia T51 hadi T54, na kadiri namba inavyopanda ndivyo nguvu za mikono na kiwiliwili zinavyokuwa nyingi. Mtu ambaye polio imeshika miguu tu, huku tumbo na mgongo vikiwa imara, kwa kawaida huangukia T54, ambalo ndilo daraja la Tatyana.

Tahadhari moja tu. Mabega yako ndiyo miguu yako, na ndiyo riziki yako. Vuta kamba au mpira wa tairi kuelekea kifuani mara kwa mara ili misuli ya nyuma ya bega ilingane na ya mbele. Mazoezi ya siku tatu kwa wiki yanatosha kwa kuanzia, na siku ambayo umebeba magunia mazito Mwaloni ihesabu kuwa mojawapo.